Mbwa wa Kilima Kizima

"Mbwa koko ni wa kila mtu, na mbwa wa kila mtu hamsikilizi mtu."

Hayo ndiyo maneno aliyonipokea nayo don Gastón, mwenyekiti wa klabu ya michezo ya mbwa kule Limache, siku ya kwanza nilipompeleka Tizón uwanjani kwake. Salamu hakunipa. Alisimama langoni na fulana yake nyeupe isiyo na doa, akamtazama mbwa wangu kuanzia sikio lililochanika mpaka mkia uliopinda, kama mtu anayetazama maji ya mtaro yaliyoingia sebuleni. Mimi nilikuwa nimeshakunja ngumi. Maricarmen, aliyetuleta pale, akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Don Gastón," akasema kwa ile sauti laini ambayo mimi sina, "mwache akimbie mara moja tu, umwone."

"Wa aina yake nimewaona. Wako tele nje ya bucha."

"Basi mtazame huyu," nikadakia. "Huyo wako mwenye manyoya ya kuchanwa kazaliwa juu ya godoro. Huyu kakulia mtaroni, na bado atamwacha wako anakula vumbi."

Don Gastón akacheka. Afadhali angenitukana. Alicheka taratibu, akaitazama ovaroli yangu ya kazi, kisha akanipa sharti lake mbele ya watu waliokuwa wakifunga mbwa wao kamba. "Sawa, bwana mitungi. Nakupa siku moja, siku ya kufungua msimu. Kutakuwa na mizunguko miwili. Akimaliza mmoja tu bila kosa, ataingia ligi ya mkoa pamoja na mbwa wenye nasaba. Akishindwa, sitaki kuona mbwa koko mwingine hapa langoni. Si wako, wala wa Maricarmen."

Maricarmen ni msaidizi wa daktari wa mifugo, na nyuma ya nyumba yake ana mabanda ya mbwa waliookotwa. Kila mmoja anamsubiri mtu wa kumchukua, na hakuna anayetaka kumchukua mbwa ambaye watu wamezoea kumtupia mawe. Alikuwa akisema wakionekana uwanjani, hata mmoja tu, wakishangiliwa, watu wataanza kuwatazama kwa jicho jingine. Kwa hiyo siku ile don Gastón hakufunga lango kwa Tizón peke yake. Alishika funguo za mabanda yale yote.

Mimi nauza gesi. Nauza kwenye kilima cha Los Boldos, Valparaíso, ambako barabara inaishia katikati na kinachobaki ni ngazi. Gari linasimama kwenye kona, mimi nashuka na spana, nagonga mtungi: tan, tan, tatán. Kila muuzaji ana mdundo wake, na akina mama wanaujua wangu hata maji yakiwa yanachuruzika bombani na redio imefunguliwa. Wanatoa kichwa dirishani, wanapiga kelele, nami nauweka mtungi begani na kupanda. Mbwa huyu alianza kufuata mdundo ule akiwa bado mdogo, akipanda ngazi mbele yangu mlango hadi mlango, kwa sababu alishagundua kwamba mlango ukifunguliwa kwa ajili ya gesi, mara nyingi hutoka na kipande cha mkate.

Alitupwa. Mtu fulani wa huko chini, mwenye gari zuri, likizo zilipokwisha alipanda mpaka barabara ya juu, akafungua mlango, akasukuma mtoto wa mbwa nje, akaondoka. Ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Wanawanunulia watoto wao mbwa wa kuchezea ufukweni, shule zikifunguliwa wanakuja kumwaga kwetu, kama vile kilima chetu ni jaa. Halafu hao hao ndio wanaoziba pua wakikutana na mbwa koko mjini. Siku nikimkamata mmoja akifungua mlango ule, Mungu anisamehe.

Kilima kikamlea. Kwetu mbwa wa mtaani hana nyumba moja, ana zote. Asubuhi anakula hapa, mchana pale, na baridi ikija kuna mtu atamshonea koti kutokana na sweta la shule lililombana mwanawe. Na kila nyumba inampa jina lake. Don Custodio mwenye bucha alimwita Waziri, kwa sababu anafika saa ya chakula, hafanyi kazi yoyote, na bado anaondoka na mfupa. Mafundi viatu walimwita Kisigino. Wasichana wa saluni walimwita Mpenzi. Doña Uberlinda, mjane wa ngazi ya juu kabisa, alimwita Lucho, jina la marehemu mumewe. "Wote wawili," alikuwa akisema, "nyumbani walirudi kwa ajili ya supu tu."

Mimi nilimwita Tizón, yaani kijinga cha moto, lakini hilo lilikuja baadaye, baada ya ule moto. Upepo wa kusini uliingia korongoni wakati wa kiangazi, na moto ukala ngazi ya juu nzima, mabati na mbao, na nyumba ya doña Uberlinda ikiwemo. Kesho yake tulipopanda kutafuta kilichobaki, tulimkuta mbwa amesimama juu ya majivu ya nyumba ile, mahali ulipokuwa mlango. Majivu yalikuwa bado ya moto. Nyayo zake zilikuwa zimeiva, na hakutaka kutoka. Nilimbeba begani kama mtungi mpaka kwa daktari. Maricarmen ndiye aliyemfunga bendeji, na ndiye aliyemwona, alipopona, akiruka mitungi yangu iliyopangwa uani, mmoja baada ya mwingine, bila kuugusa hata mmoja.

"Yerko," akaniambia, "huyu si mbwa wa kulala uani."

Ndivyo tulivyoanza. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Uwanjani kuna viunzi vya kuruka, handaki la turubai la kupita ndani, ubao unaobembea, mlolongo wa nguzo za kupenya kwa kupindapinda, na daraja jembamba la mbao la kupanda, kuvuka na kushuka mpaka chini bila kuruka. Mbwa anakimbia uchi, hana hata kola shingoni. Mwenyewe anakimbia pembeni, mikono mitupu, haruhusiwi kumgusa wala kushika chochote. Anaruhusiwa mdomo wake na mwili wake, basi. Mbwa akipita kiunzi kisicho chake, au akitoka nje ya kamba, mwamuzi anapuliza firimbi na mchezo umekwisha.

Uani kwangu, kwenye mbao zilizobakizwa na moto na mitungi mitupu, nilimfundisha kwa makofi. Tan, tan, tatán. Nikipiga huku nakimbia, Tizón aliruka kama aliyechorwa kwa kalamu moja isiyoinuliwa. Lakini siku ya kwanza nilipopiga makofi Limache, don Gastón alikuja mbio mpaka katikati ya uwanja.

"Hapa si gari la gesi! Hapa mbwa anaelekezwa kwa amri, kama kwa watu wastaarabu."

Sheria haikukataza makofi. Maricarmen aliniambia hivyo. Lakini akaniomba ninyamaze, nisimpe mzee sababu, nikajifunza kusema "juu" na "ndani" na "pita" kwa sauti kavu kama ya mwalimu mkuu. Tizón alitii. Alitii kama mtoto aliyevalishwa viatu vya harusi: anakwenda, lakini unaona vinambana. Mimi nilimeza hasira. Nikimeza hasira huwa naugua, na safari hii niliugua kweli.

Siku ya kufungua msimu tulifika mapema, mimi, Maricarmen na Tizón. Hema jeupe lilikuwa la klabu, na ndani yake kulikuwa na meza na kipaza sauti. Don Gastón mwenyewe ndiye aliyekishika, maana kuna watu wanaopenda sauti yao kuliko mbwa. Mwamuzi alikuwa mwanamke kutoka Mendoza, ng'ambo ya milima, doña Mireya, mfupi, mwenye kofia pana, asiyecheka na mtu. Kamba ilizungushwa. Kabla ya mbio tuliruhusiwa kuingia bila mbwa ili kuikagua njia, kila mmoja anatembea peke yake, ananyoosha mikono, anageuka, anasema "juu" kwa mbwa ambaye hayupo.

Nikiwa katikati ya wazimu huo nikasikia honi.

Lilikuwa basi la timu yetu ya mpira ya mtaani, lile lenye kioo cha mbele kilichobandikwa gundi. Mlango ukafunguka, kikatoka kilima. Don Custodio alitangulia na sufuria. Mafundi viatu walikuja na ngoma ya uwanjani. Wasichana wa saluni walishuka, kisha akina mama na vikapu vya empanada, sambusa zetu kubwa za nyama, na mwisho kabisa, akishikwa mkono, akiwa amevaa koti lake la kanisani, doña Uberlinda. Sikuwa nimemwalika hata mmoja.

"Tazameni!" don Custodio alipaza sauti. "Yerko kachanganyikiwa! Anamfundisha mzimu kuruka!"

"Mwanangu, umekula?" akauliza doña Uberlinda kwa sauti iliyofika Mendoza.

Watu wa klabu waligeuka wote. Nikaona midomo inavyojikunja. Nikaona don Gastón akifunika kipaza sauti kwa kiganja na kumnong'oneza jirani yake, na jirani akacheka mpaka akatoa miwani. Uso wangu ukawaka. Niwe mkweli: sijui nilimkasirikia nani zaidi, wale waliocheka au wale waliochekwa.

"Kaeni pale," nikawaambia, nikionyesha nyasi zilizo mbali na kamba. "Na msifanye fujo."

Hawakukaa pale. Walikuja kukaa kambani, wamezunguka pande zote, kila mmoja akitafuta mahali pazuri pa kumwona mbwa wake.

Mzunguko wa kwanza ulianza vizuri. Nilimvua kola, nikamketisha kwenye mstari, nikaenda mbele. "Juu!" Kiunzi cha kwanza. "Juu!" Cha pili. "Ndani!" Tizón akaingia handakini upande mmoja na kutoka mwingine, na alipotoka, don Custodio akashindwa kujizuia.

"Hapo hapo, Waziri! Chapa kazi!"

Tizón akageuza kichwa.

"Pita!" nikasema. "Pita!"

"Kisigino! Huku, Kisigino!" walipiga ngoma upande wa pili.

"Mpenzi wetu! Mpenzi!"

Mbwa akasimama katikati ya uwanja. Aliniangalia mimi, akamwangalia mwenye bucha, akawaangalia wa saluni. Mkia ulikuwa unapiga kulia na kushoto, na nikaona furaha yake yote ikimchanganya akili, kwa sababu hajawahi maishani mwake kuwaona wote kwa mara moja. Milango yote ya kilima ilikuwa imefunguliwa kwa pamoja. Aende wapi?

"Lucho," akasema doña Uberlinda. Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayemwita mwenziwe mezani.

Tizón aliruka kamba akaenda kumwekea miguu kifuani.

Firimbi. Doña Mireya aliinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa. Na kutoka hemani sauti ya don Gastón, tamu kama sharubati: "Ameondolewa. Mbwa ambaye... samahani, jina lake nani hasa? Tumesikia mengi."

Hema zima likacheka.

Nilivuka ile kamba bila kuiona. Nilimshika Tizón shingoni nikamvuta kutoka kwa yule bibi, na maneno yalinitoka kabla sijayachagua.

"Nani kawaita? Nani? Nimefanya kazi mwaka mzima, nimekula maneno ya huyu mzee mwaka mzima, mnakuja na ngoma na masufuria kuniharibia kwa muda wa kupika yai!"

"Taratibu, kijana," don Custodio akasema. "Tumekuja kushangilia."

"Mmekuja kunitia aibu! Hamwezi kufunga midomo? Huyu si Waziri, si Kisigino, si nani sijui! Anaitwa Tizón, na ni mbwa wangu!"

Ngoma ikawekwa chini. Doña Uberlinda alikuwa akipangusa nyayo za vumbi zilizobaki kwenye koti lake la kanisani, taratibu, na alipomaliza akaniangalia. Ana macho madogo, na sikuwahi kuyaona yakiwa na hasira. Siku ile niliyaona.

"Wako."

"Wangu, bibi. Nani aliyembeba? Nani aliyemlipia bendeji?"

"Wewe. Na mkate wa miaka yote kabla ya hapo nani alimpa? Na yule juu ya majivu alikuwa analinda mlango wa nani, wa kwako?" Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya koti lake. "Ulimchukua wakati mimi sina paa, Yerko. Nilikuwa nalala sebuleni kwa dada yangu kama mzigo. Nisingeweza kukukatalia. Nikasema sawa, akae kwa kijana mpaka nijenge. Nimejenga. Umewahi kunirudishia hata kwa kumleta anisalimie? Unapita na gesi, umemfunga garini, asije akasahau amri zako. Sasa unakuja kunifokea mimi mbele ya hawa wenye mahema kwamba mbwa kanijua?"

"Bibi, kuna sharti. Nikishindwa mzunguko unaofuata..."

"Najua kuna sharti. Maricarmen alinieleza kwenye simu. Kwa nini unafikiri tumekuja?"

Nilimgeukia Maricarmen. Aliinamisha macho. "Nilidhani watamtia moyo," akasema.

Ningeweza kumfokea na yeye pia. Nilikuwa na hasira za kutosha. Lakini doña Uberlinda alikuwa ameshaniacha, ameenda kusimama mbele ya watu wake, amejishika kiuno.

"Mmesikia. Akiingia tena, hakuna atakayefumbua mdomo. Custodio, wewe hasa. Chukua empanada, utie mdomoni, usiitafune mpaka niseme."

"Ikipoa je, doña?"

"Itapoa ukiwa hai."

Walicheka, na mimi sikucheka. Nilimpeleka Tizón kwenye kivuli cha basi, nikampa maji, nikamtazama. Alikuwa ananitazama na yeye, ulimi nje, hana kinyongo chochote, na hilo likanikasirisha zaidi. Wamemtupa, wamempiga mawe, moto umemla miguu, na bado ana furaha ya kumpa kila mtu. Mimi sina tabia hiyo. Hasira yangu naitunza kama mwingine anavyotunza saa ya babu yake.

Tuliitwa wa mwisho.

Nilipovuka kwenda kwenye mstari niliwaona. Kilima kizima kimezunguka kamba, na kila mdomo umezibwa. Don Custodio alikuwa na empanada nzima inayoning'inia kama ulimi wa ng'ombe. Mafundi viatu walikuwa wameikalia ngoma yao. Doña Uberlinda alikuwa ameweka kitambaa cha kichwa mdomoni na kukifunga kisogoni kama jambazi wa kwenye sinema. Hata watu wa hema walinyamaza kuwatazama.

"Juu."

Tizón akaondoka. Kiunzi, kiunzi, kisha handaki. Alipotoka aliangalia nje mara moja, kuelekea bucha, na bucha haikusema kitu. Akarudisha kichwa. Nguzo za kupenya alizipita akijipinda kama maji yanayotafuta njia kati ya mawe. Ubao unaobembea aliupanda, akausubiri ushuke, akaushuka. Mbele yetu lilibaki daraja, na baada ya daraja viunzi vya mwisho.

Alipanda. Alipofika juu, mahali pembamba kabisa, kipaza sauti kikalia.

"Na huyu sasa, wapenzi watazamaji, ni Tizón! Au ni Waziri? Au Kisigino? Labda ni Lucho... Lucho, mbona husemi, ni wewe?"

Sauti ilitoka kwenye spika zote nne za uwanja. Mbwa akasimama juu ya daraja. Alisikia majina ya mlango baada ya mlango, na hakuna mlango. Mguu mmoja wa mbele ulikuwa hewani. Aligeuza kichwa huku na kule akitafuta mahali majina yanapotoka, na mimi nikaogopa, maana kule juu ukigeuka umeanguka, na ukishuka vibaya umekosa.

Upande wa kamba niliona don Custodio amekuwa mwekundu, empanada inatetemeka. Angefumbua mdomo tungekwisha. Hakufumbua. Doña Uberlinda alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili, anakibana usoni, na machozi ya hasira yanamtoka.

"Pita," nikasema. Tizón hakunisikia. Lilikuwa neno la don Gastón, siyo langu, na spika zilikuwa kubwa kuliko mimi.

Hapo nikachoka kumeza.

Nikapiga makofi. Tan, tan, tatán. Nilipiga kwa nguvu zote za mikono inayobeba mitungi tangu nimalize shule, mpaka viganja vikaniuma, na nikaanza kukimbia bila kumwangalia, kama ninavyopanda ngazi bila kugeuka kwa sababu najua yuko nami. Tan, tan, tatán. Mdundo ule hauna jina la mtu. Ni ule ule kwenye bucha, kwenye saluni, na kwa doña Uberlinda. Nikasikia kucha zake zikiikwaruza mbao, zinashuka, zinagusa chini mahali panapotakiwa kuguswa. Akanipita. Kiunzi. Kiunzi. Cha mwisho alikiruka juu kuliko ilivyohitajika, kwa dharau, na hiyo najua aliipata kwangu.

Doña Mireya hakupuliza firimbi. Alisimama akitazama saa yake, kisha akatembea mpaka kwenye hema, na kwa vile don Gastón alikuwa hajazima kipaza sauti, tulimsikia wote.

"Hana kosa. Na muda umemtosha. Na wewe, bwana, ukimsemesha tena mbwa aliye juu ya daraja kwenye uwanja ninaoamua mimi, nitakutoa wewe nje ya kamba."

Doña Uberlinda akafungua kitambaa. "Sasa!" akasema.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Ngoma, sufuria, majina yote. Don Custodio alitafuna empanada yake akilia. Na Tizón, mbwa wangu niliyemfundisha, niliyemlipia bendeji, ambaye nilikuwa nimepiga magoti na kufungua mikono nimpokee, alinipita kama kiunzi kingine akaenda kwa yule bibi.

Nilibaki nimepiga magoti. Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikainuka nikajipangusa.

Don Gastón alinifuata akiwa na kipaza sauti mkononi na mkono mwingine ameunyoosha. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu watu wa aina yake huwa wana tabasamu la kila hali ya hewa. "Hongera, kijana. Ule ulikuwa utani tu, unaelewa. Uchangamfu. Sasa nitangaze mbwa aliyeingia ligi. Jina rasmi ni lipi?"

Sikuupokea mkono. Nilichukua kipaza sauti.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyatunga mwaka mzima nikipanda ngazi, yamepangika, yana mwisho unaolingana, kila mstari una meno. Nilimtazama don Gastón na fulana yake nyeupe. Halafu nikawaona watu wa kilima, wamemzunguka mbwa wao, kila mmoja anamvuta upande wake, na doña Uberlinda katikati ananitazama mimi. Hakuwa amenisamehe.

Nikavuka uwanja nikampa yeye.

"Bibi," nikasema, "mwambie."

Alikishika kama anavyoshika mwiko. "Lucho," akasema, na spika zote nne zikasema Lucho. Kisha akampa don Custodio, naye akasema Waziri, mdomo umejaa. Kikaenda kwa mafundi viatu, kikaenda saluni, kikapita kwa watu ambao hata mimi sikujua walikuwa wanampa majina: Bahati, Jenerali, Mla Soksi. Don Gastón alikuwa akifuata nyuma akinyoosha mkono, "jamani, ratiba, ratiba," na kila akikikaribia kinapita kwenda kwa mwingine. Mwisho kikanirudia.

"Na Tizón," nikasema. Nikakizima.

Wakati wa kurudi tulipanda wote basi la mtaa, nami nilikaa mbele, karibu na dereva, peke yangu. Maricarmen alikuwa nyuma anawaeleza akina mama habari za mabanda yake, na fundi viatu mmoja alishaanza kuuliza kama kuna mbwa mdogo asiyekula sana. Hasira haikuwa imeniisha. Bado ninayo, nilimwona don Gastón tena ligi ilipoanza, na salamu yake sikuitikia. Lakini basi lilipofika kwenye kona yetu, pale barabara inapoishia, nilishuka wa kwanza, nikaenda kusimama mlangoni.

Doña Uberlinda alishuka na mbwa nyuma yake. Alinipita. Alikuwa amepanda ngazi kadhaa ndipo akasema, bila kugeuka:

"Jumanne gesi yangu inaisha. Ukija, usimfunge garini."

"Sawa, bibi."

"Na leo analala kwangu."

Nilifumbua mdomo kujibu. Tizón alikuwa ameshatangulia juu, anamsubiri kwenye ngazi inayofuata. Nikaufunga.